Kabla ya Kulipia Kikao cha Mtandaoni, Tafuta Pa Kukaa

Nyumba niliyopanga Mahina mwaka 2022 haikuwa na dari. Kuta za vyumba zilipanda zikaishia njiani, juu yake mabati matupu, na lililosemwa chumba cha kwanza lilisikika mpaka chumba cha nne. Ndiyo maana siku ya kikao changu cha kwanza na mshauri wa saikolojia, kwa simu, nilipanda jiwe. Mwanza hatukosi mawe. Lile la nyuma ya nyumba lilikuwa bapa, wapangaji tulianikia mihogo juu yake, na saa kumi na moja jioni lilikuwa bado na joto la mchana. Nikakaa, nikachomeka spika za masikioni, nikaanza kumsimulia mtu nisiyemjua habari za kifo cha mama.

Ilinichukua kama dakika ishirini kulifikia lile hasa lililokuwa linanikaba. Nilipolifikia tu, sauti ikatoka chini: "Mwalimu! Mwalimu, kuna msiba?" Jirani yangu alikuwa amesimama na ndoo yake ya maji, ananitazama kwa huruma ya kweli. Nikamwambia hapana, mama, ni mafua tu. Kisha nikamwambia mshauri kwamba mtandao unasumbua, nikakata.

Sikurudi kwake. Kwa muda mrefu, mtu akiniuliza, nilimjibu kwamba ushauri wa mtandaoni ni kupoteza hela. Mwaka mzima ulipita kabla sijaona kwamba nilikuwa nimeihukumu huduma kwa kosa la jiwe. Leo nina mshauri mwingine, wa simu vilevile, na nimesaidika. Kwa hiyo rafiki akinijia na swali la kama njia hii itamfaa, huwa namuuliza kwanza: utakaa wapi? Mengine yote, na ni mengi, yanafuata baada ya hapo.

Tuanze na kile kinachouzwa. Neno "ushauri nasaha" wengi wetu tulilisikia kwanza kwenye vituo vya kupima virusi vya UKIMWI: dakika chache kabla ya kipimo, dakika chache baada ya majibu. Ndiyo maana wapo wanaodhani kazi ya mshauri ni kukutia moyo na kukuelekeza ufanye nini. Tiba ya mazungumzo ni safari ndefu kuliko hiyo. Kikao huwa cha dakika 45 hadi 60, mara nyingi kimoja kwa wiki, na mnakuwa na lengo mlilokubaliana. Aina inayotumika sana kwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na kwa wasiwasi huchukua kati ya vikao 6 na 20. Mnachunguza pamoja mawazo yanayojirudia kichwani, namna yanavyokufanya ujifungie ndani au uwakwepe watu, kisha unaondoka na kazi ya kujaribu nyumbani kabla ya kikao kijacho. Mshauri mzuri huongea kidogo kuliko ulivyotarajia.

Je, kazi hiyo inafanyika kwa mbali? Inafanyika. Si jambo jipya pia: mwaka 1959 madaktari wa akili wa Nebraska, Marekani, walikuwa tayari wanawahudumia wagonjwa kwa televisheni ya pande mbili, na mwaka 2020 UVIKO-19 uliwahamishia washauri wa nchi nyingi kwenye skrini kwa wiki chache tu. Tafiti zilizolinganisha njia hii na ile ya ana kwa ana kwa sonona isiyo kali sana na kwa wasiwasi zimekuta matokeo yanakaribiana sana. Zimekuta pia kwamba programu za kujisomea peke yako huachwa njiani na watu wengi, na kwamba zile zenye mtu anayekufuatilia hufanya vizuri zaidi. Ila nyingi ya tafiti hizo zilifanyika Ulaya, Amerika Kaskazini na Australia, kwa watu ambao wengi wao walikuwa na mlango wa kufunga. Hilo huwa halisemwi kwa sauti, na kwetu sisi ndilo lenye uzito.

Aina za mawazo

Kwetu mtu akizidiwa husema "nina mawazo", na neno hilo linabeba mizigo ya kila namna. Ana mawazo aliyeachishwa kazi kiwandani wiki iliyopita. Ana mawazo mjane ambaye hajalala usiku mzima tangu Pasaka. Ana mawazo pia yule anayesikia sauti zikimwambia kwamba majirani wamepanga kumuua. Zimbabwe wana neno lao la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na juu ya neno hilo daktari wa akili Dixon Chibanda alijenga huduma iliyoanza mwaka 2006: bibi wa mtaani wanafundishwa kusikiliza, kisha wanakaa na watu kwenye mabenchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nawataja kwa sababu walianzia kwenye neno ambalo watu walikuwa nalo tayari mdomoni. Wewe pia anza hapo: mawazo yako ni ya aina gani?

Wa kwanza kati ya wale watatu pengine anahitaji ndugu zake, mtu wa kumsaidia kupanga hesabu za madeni, na vikao viwili vitatu vya kutulia. Simu inamtosha. Mjane ndiye hasa ambaye njia hii inaweza kumfaa, maana tatizo lake limekaa muda, linamla polepole, na akili yake bado inaweza kushika uzi wa mazungumzo wiki hadi wiki. Wa tatu anahitaji daktari, ana kwa ana, leo.

Nikae kidogo kwa huyo wa tatu, kwa sababu hapo kuchelewa kunaua. Anayesikia au kuona wasivyosikia wengine, anayepanga kujitoa uhai na ameshafika hatua ya kufikiria lini na vipi, mama aliyejifungua majuzi ambaye halali hata mtoto akilala na ameanza kusema yasiyoeleweka: hao wapelekwe hospitali, na wasiachwe peke yao njiani. Kwa walio Mwanza mjini, Bugando na Sekou Toure zinapokea dharura usiku na mchana. Mshauri aliye Dar es Salaam au Nairobi, hata awe hodari kiasi gani, hawezi kukunyang'anya kitu mkononi.

Kuna kundi lingine ambalo hulisahau hata wataalamu. Mtu aliyekunywa gongo kila siku kwa miaka, akiamua kwa nguvu ya kikao kimoja kuacha ghafla, anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa, na hali hiyo inaweza kumuua. Aanzie hospitali, halafu mazungumzo yafuate. Vilevile tezi ya shingo ikizembea kazi yake, au damu ikipungua sana, mtu huchoka, huzuni humwingia, hamu ya kila kitu hukata. Kwa simu anaonekana ana sonona kamili. Mshauri hawezi kukuangalia shingo wala kukutoa damu. Kama hujapimwa mwili wako siku za karibuni, pima kwanza.

Najua kwa nini wengi tunaukimbilia mtandao hata pale ambapo hospitali ingetufaa. Tunaogopa kuonekana. Hospitali ya Mirembe ilianza Dodoma mwaka 1927, imewatibu watu wengi sana, na bado mtaani jina lake ni tusi: "huyu wa kupelekwa Mirembe". Bugando nayo iko juu ya kilima, na anayekipanda anakutana na nusu ya watu anaowajua. Mtandao unaondoa aibu hiyo, na hilo ni jema kubwa ambalo siwezi kulidharau. Nililitumia mimi mwenyewe. Ila jiulize kwa unyoofu: kama pasingekuwa na macho ya watu, ungekwenda wapi? Kama jibu ni hospitali, basi kinachokuzuia ni aibu tu, na aibu hiyo inaweza kukugharimu. Wapo wanaoanza hospitali, hali ikatulia kwa dawa, kisha wakaendelea na mazungumzo kwa simu kutoka nyumbani. Njia hizo mbili hazigombani.

Chumba

Sasa turudi kwenye lile jiwe.

Faragha watu huifikiria kama suala la teknolojia. Kwa wengi wetu ni suala la mbao na mabati. Chumba na sebule cha kupanga Igogo au Mabatini, watoto watatu, shemeji aliyekuja kutafuta kazi na analala kwenye kochi: saa nzima ya peke yako inapatikana wapi? Hata ukiipata, unanong'ona. Na mtu anayenong'ona hasemi yote. Nimeyaona kwangu, nilikuwa nikichagua maneno ambayo hayataniaibisha yakipita juu ya ukuta, hivyo nikasimulia msiba wa mtu mwingine, mpole zaidi ya ule niliokuwa nao.

Ukiwa na mwenza anayekudhibiti, jambo linakuwa zito zaidi. Utafiti uliofanywa hapa Mwanza miongoni mwa wanawake wa vikundi vya mikopo midogo, matokeo yakachapishwa mwaka 2017, ulikuta zaidi ya nusu yao wamewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono na wenza wao. Mwanamke wa namna hiyo simu yake mara nyingi hukaguliwa. Ujumbe wa malipo unaingia ukiwa na jina la mpokeaji, tarehe na kiasi. Mume anauliza huyu ni nani. Kumbukumbu ya simu zilizopigwa inaonyesha dakika hamsini kwa namba ngeni. WhatsApp husimba mazungumzo yasisomwe njiani, na tangu mwaka 2023 ina namna ya kufungia gumzo moja moja, lakini kufuli hilo halisaidii kitu kwa mtu anayeamriwa kulifungua. Kama hayo ndiyo maisha yako, usianzie nyumbani. Dawati la jinsia la polisi, au muuguzi wa kliniki unayopeleka mtoto, anaweza kuwa mlango salama zaidi kwa sababu safari ya kliniki haihitaji maelezo.

Kwa sisi wengine, chumba hutafutwa, na mara nyingi hakiko nyumbani. Gari lililoegeshwa chini ya mti linafaa kuliko watu wanavyodhani. Ofisi ya parokia siku ya katikati ya wiki. Chumba cha rafiki anayefanya kazi za usiku. Mimi niliishia kwenye stoo ya vitabu ya shule ninayofundisha, saa kumi na moja wanafunzi wakiwa wameondoka; mwalimu mkuu anajua nina "simu ya muhimu kila Jumatano" na hajawahi kuniuliza zaidi. Ufukweni sishauri. Panavutia, lakini upepo wa ziwa hula sauti, na mwenzako wa upande wa pili husikia mvumo tu.

Kisha kuna jambo ambalo sikuliona limeandikwa mahali popote wakati naanza: njia ya kurudi. Ukienda kumwona mshauri ofisini kwake, ukitoka unatembea mpaka kituoni, unasubiri daladala, unakaa dirishani, macho yanakauka, yale uliyosema yanatafuta pa kukaa. Kufika nyumbani umekwisha kuwa mtu anayeweza kuulizwa kuhusu chumvi. Kwenye simu hakuna njia. Unabonyeza kitufe chekundu, na sekunde ileile mtoto anagonga mlango anataka hela ya daftari. Nilifokea watu wiki mbili mfululizo kabla ya mshauri wangu kuniambia niongeze dakika ishirini baada ya kila kikao, za kutembea bila simu. Sasa nazunguka uwanja wa mpira wa shule mara nne. Kama ratiba yako haina nafasi ya dakika hizo ishirini, basi haina nafasi ya kikao chenyewe.

Sauti, ukimya, na bando

Watu hudhani video ni lazima. Si lazima. Saa moja ya video inaweza kula nusu giga au zaidi, na sauti peke yake hutumia sehemu ndogo tu ya hiyo. Video inayokatika kila dakika mbili inachosha kuliko sauti iliyonyooka. Wapo pia, nami nimo, ambao huongea vizuri zaidi wasipotazamwa. Inakaribia ile hali ya kuongea gizani mkiwa kitandani na dada yako utotoni. Lakini mshauri anapoteza vitu: haoni kwamba umekonda, haoni mikono inayotetemeka, haoni kwamba unasema "niko sawa" huku umefumba macho. Makubaliano mazuri ni kufanya kikao cha kwanza kwa video, na kingine kila baada ya muda, vilivyobaki kwa sauti.

Ukimya ndio mgumu zaidi. Ofisini mtu akinyamaza, mshauri anamwacha anyamaze, na mara nyingi ndani ya kimya hicho ndimo neno hupatikana. Kwa simu, sekunde nne za kimya tu, mmoja atasema "haloo, unanisikia?" na neno linarudi lilikotoka. Mimi na wangu tuna mpango: nikinyamaza nagonga simu kwa kucha mara moja, yaani niko hewani, niache kidogo. Tuna mpango pia wa umeme ukikatika au mtandao ukipotea. Yeye ndiye anayepiga, kwa simu ya kawaida, na tukishindwa ndani ya dakika kumi tunahamisha siku. Mipango midogo kama hiyo iwekeni kikao cha kwanza kabisa, kabla ya kuanza habari za maumivu.

Wa upande wa pili ni nani?

Majina matatu huchanganywa. Mshauri nasaha anaweza kuwa amesoma miezi michache au miaka minne. Mwanasaikolojia amesomea saikolojia chuo kikuu, na anayetibu anapaswa kuwa na mafunzo ya tiba yenyewe, kwa sababu shahada ya saikolojia peke yake haimfanyi mtu kuwa mtibu. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kwanza, akaongeza ubingwa. Huyo ndiye anayeandika dawa, na kwa hapa nyumbani anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Muulize mtu wako amesoma wapi, amesajiliwa wapi, nani anasimamia kazi yake, na amewahi kushughulika na tatizo la aina yako mara ngapi. Asiye na cha kuficha hujibu bila kukasirika. Anayekuahidi kupona kwa vikao vitatu, au anayeanza kukuuzia kitu kingine, mwache.

Mimi nina kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vyeti. Mshauri anayejua kazi ya mbali huuliza mapema sana: uko wapi sasa hivi, na kukitokea hatari nimpigie nani aliye karibu nawe? Yule wa kwanza hakuniuliza. Huyu wa sasa aliniuliza kabla hata ya kujua jina langu la pili, akaandika mtaa, namba ya dada yangu wa Nyegezi, na hospitali iliyo karibu. Aliuliza pia kama nimefunga mlango. Anajua kwamba hana mkono wa kunifikia, hivyo anahakikisha upo mkono mwingine.

Lugha nayo ni jambo. Kiswahili kinatutosha kwa mengi, lakini kuna kilio ambacho kwa mtu wa Magu au Kwimba hakitoki ila kwa Kisukuma. Hapa mtandao una nguvu ambayo ofisi haina: unaweza kumtafuta anayeijua lugha yako hata kama anaishi Dodoma. Au kinyume chake, ukamchagua asiyejua ukoo wenu kabisa, ambaye hatakutana na shangazi yako kwenye harusi. Na kama unakunywa dawa za mganga, au unafanyiwa maombi, mwambie. Atakayekucheka kwa hilo hakufai, na dawa za miti zinaweza kugongana na za hospitali, hivyo kuficha kunakuumiza mwenyewe.

Kuhusu siri zako kuhifadhiwa, nisitishe watu bure, lakini yametokea. Ufini, mwaka 2020, wadukuzi walitoa hadharani kumbukumbu za wagonjwa wa mtandao mkubwa wa vituo vya tiba ya saikolojia uitwao Vastaamo, kisha wagonjwa wenyewe wakaandikiwa wakidaiwa fedha ili siri zao zisitoke. Marekani, mwaka 2023, kampuni ya BetterHelp ilikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya kushtakiwa na tume ya biashara ya nchi hiyo kwamba iliwapa Facebook na wengine taarifa za wateja kwa ajili ya matangazo. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sheria inakupa haki ya kuuliza, kwa hiyo uliza: vikao vinarekodiwa? Maelezo yangu yanaandikwa wapi, na nani mwingine anayasoma? Mshauri mmoja mmoja anayeandika kwenye daftari lake na kulifungia kabatini wakati mwingine ni salama kuliko programu yenye nembo nzuri.

Wengine siku hizi wanazungumza na programu za akili unde usiku wa manane, kwa kuwa hazilali na hazidai nauli. Sitawalaumu, usiku ni mrefu. Programu inaweza kukusaidia kupanga maneno ya kumwambia mtu kesho. Lakini haimjui dada yako wa Nyegezi, na haina mtu wa kumpigia.

Ukitaka kujua kama inakufaa, jipe vikao vinne na mtu mmoja, ukiwa na mahali penye mlango. Cha kwanza karibu kila mtu hukichukia. Baada ya cha nne angalia mambo ya kawaida: usingizi umebadilika? Kuna jambo umemwambia ambalo hukuwahi kumwambia mtu? Unaingoja siku ya kikao, hata kwa hofu? Kama yote ni hapana, mwambie waziwazi. Mtaalamu atabadili njia au atakuelekeza kwa mwingine, na pengine ofisini. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Sengerema hasubiri tena kivuko ili afike mjini, kwa hiyo ile hesabu ya zamani kwamba ana kwa ana ni mbali mno inafaa kurudiwa upya.

Kwa visiwani hesabu ni nyingine. Baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 220 wakafa, na waliobaki na msiba ule walikuwa ng'ambo ya maji, mbali na wataalamu. Huko simu inaweza kuwa njia pekee kwa wiki nyingi, na huko nimeona ikitumiwa kwa akili kuliko mjini. Kijana mmoja wa ukoo wetu anavua dagaa kwenye kambi huko Ukerewe. Alimpoteza mwenzake wa mtumbwi, akaanza kushindwa kuingia majini, na kambini hakuna chumba, kuna turubai. Mtandao unashika juu ya mwamba tu, dakika kumi kutoka kambini. Mshauri wake alitaka kila Jumanne. Haikuwezekana, kwa sababu dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa zikiwavuta juu, na mchana wake watu wamelala kama wafu.

Basi wakaachana na Jumanne. Mbalamwezi ikikua taa hazina nguvu, kambi inapumzika, na siku hizo anapanda mwambani kila baada ya siku mbili. Giza likirudi anatuma ujumbe wa sauti mmoja tu kwa wiki, wa dakika tatu, na mshauri anajibu. Alinieleza hayo tukiwa Kirumba Mwaloni, ameketi juu ya gunia, jua linazama. Nikamuuliza kikao kijacho ni lini. Akainua uso akautafuta mwezi juu ya paa za soko, akauona, mwembamba.

"Zimebaki siku sita, dada," akasema.